Namna Mwanachuo wa Ualimu Anavyoweza Kujiandaa Kufundisha kwa TEHAMA

Mwanachuo wa ualimu anayekaribia kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huulizwa maswali mengi chuoni, lakini kuhusu TEHAMA mara nyingi huulizwa moja tu: je, unajua kutumia kompyuta? Akijibu ndiyo, anahesabiwa kuwa yuko tayari. Swali hilo halitoshi. Mtu anaweza kuandika barua kwa kompyuta, kutengeneza slaidi za kupendeza na kutuma fedha kwa simu kila siku, na bado asijue la kufanya akiwa amesimama mbele ya wanafunzi 70 wa kidato cha pili, akiwa na kipindi cha dakika 40, soketi moja iliyoko nyuma ya darasa, na mada ambayo wanafunzi wa mwaka uliopita hawakuielewa.

Ninavyoona mimi, utayari ni uwezo wa namna mbili. Wa kwanza ni kuamua, kwa mada mahususi na darasa mahususi, kama kifaa kitamwonyesha mwanafunzi jambo ambalo ubao, kitabu na sauti ya mwalimu haviwezi kumwonyesha. Wa pili ni kuendelea na somo bila kutetereka pale kifaa kinapogoma. Mwongozo huu unahusu namna ya kuujenga uwezo huo kabla ya BTP, yaani mazoezi hayo ya kufundisha, na umeandikwa kwa kufikiria shule ya kawaida ya Tanzania: umeme upo lakini hukatika, mtandao wa simu hupanda na kushuka, na walimu wana moyo wa kazi lakini wamelemewa na vipindi.

Haja ya maandalizi haya imeongezeka. Utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulianza Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, na mitaala hiyo inamtaka mwalimu ajenge umahiri wa mwanafunzi badala ya kumkaririsha. Nchini Kenya nako, mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Vifaa navyo vimeanza kuonekana shuleni: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kukamilika, hivyo si ajabu mwanachuo kufika shuleni na kukuta walimu wenyeji wake wanavyo. Lakini kifaa kuwepo shuleni ni jambo moja, na kifaa kumsaidia mwanafunzi ni jambo jingine. Kishikwambi kinachotumiwa kusoma ujumbe wa kikundi cha walimu tu bado hakijaingia darasani.

Anza na mada

Mwaka 1986 Lee Shulman, profesa wa elimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa hoja kwamba haitoshi mwalimu kuijua mada yake na kuzijua mbinu za kufundisha kwa jumla. Anahitaji pia kujua namna mada ile hasa inavyofundishika: wanafunzi hukwama wapi, hudhani nini kimakosa, na ni mfano gani unaowafungua. Miaka 20 baadaye, mwaka 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliiingiza teknolojia katika hoja hiyo. Walisema kwamba ujuzi wa vifaa hauna maana ukisimama peke yake, na kwamba mwalimu mahiri ni yule anayeona mada, mbinu na kifaa vinavyogusana na kuathiriana.

Ukitaka kulifanyia kazi wazo hilo, chukua muhtasari wa somo lako na azimio la kazi la muhula utakaofundisha, kisha pitia mada moja baada ya nyingine ukijiuliza kinachowakwamisha wanafunzi ni nini. Je, ni kitu kisichoonekana kwa macho? Ni kitu kinachotokea upesi mno au polepole mno? Ni sauti ambayo maandishi hayawezi kuibeba? Ni mahali ambapo wanafunzi hawajawahi kufika? Mada ambayo jibu lake ni ndiyo kwa mojawapo ya maswali haya inastahili kifaa. Nyingine ziache kwanza. Ukimaliza zoezi hilo utakuta mada tatu au nne zimejitenga, na hizo zinamtosha kabisa mwanachuo kwa kipindi chote cha mazoezi.

Tuchukue mfano wa somo la Kiswahili, ambalo watu wengi hudhani halihitaji TEHAMA. Mada ni fasihi simulizi, kipengele ni majigambo. Kitabu cha kiada kitaeleza kuwa majigambo ni tungo za kujisifu zinazotolewa na mtu mbele ya hadhira, kitataja sifa zake, na pengine kitanukuu mistari kadhaa. Mwanafunzi atazikariri sifa hizo na kuzirudisha kwenye mtihani. Asichokipata ni utendaji wenyewe: pumzi ya mwenye kujigamba, kasi inayopanda kadiri anavyotaja matendo yake, pale anaponyamaza kidogo ili jina la ukoo lisikike, na namna hadhira inavyomjibu kwa vigelegele au kwa kupaza sauti. Utanzu huu huishi katika utendaji, na karatasi haina sauti. Hapa simu ya mkononi na spika ndogo ya betri hufanya kazi ambayo ubao hauiwezi hata kidogo.

Mwanachuo aliyepangwa mkoani Kagera, ambako Wahaya wana desturi ya kujigamba mbele ya hadhira, anaweza kumwomba mzee anayejulikana kwa sanaa hiyo ruhusa ya kumrekodi kwa dakika mbili au tatu, baada ya kumweleza wazi kuwa sauti yake itasikilizwa na wanafunzi. Darasani rekodi ichezwe mara mbili. Mara ya kwanza wanafunzi wasikilize bila maandishi yoyote, wakiwa na swali moja tu la kujibu: hadhira imeingia wapi, na kwa kufanya nini? Mara ya pili mistari iwe imeandikwa ubaoni, pamoja na tafsiri kama lugha si ya wote, na wanafunzi waweke alama pale sauti inapobadilika. Baada ya hapo simu izimwe, kila kundi litunge majigambo ya mistari sita kuhusu mmoja wao, na mmoja ayatende mbele ya darasa. Kifaa kimetumika kwa muda usiozidi dakika nane katika kipindi cha dakika 40, lakini bila hizo nane, mistari sita ya wanafunzi ingekuwa orodha ya sifa tu.

Tazama sasa mada nyingine ya somo hilohilo: kuchanganua sentensi kwa njia ya matawi. Wanachuo wengi huipenda kwa slaidi kwa sababu mchoro hutoka nadhifu. Mimi nashauri chaki. Andika ubaoni “Mwanafunzi aliyechelewa ameingia darasani,” kisha uulize “aliyechelewa” iende upande wa kundi nomino au upande wa kundi tenzi. Darasa litagawanyika. Mmoja atakuja ubaoni, atachora tawi upande wa kundi tenzi kwa kuwa ameona kitenzi ndani ya neno lile, mwenzake atalifuta na kulihamishia chini ya kundi nomino, na atalazimika kueleza kwamba neno hilo linatuambia ni mwanafunzi yupi. Mabishano hayo ndiyo somo. Slaidi inaonyesha mti uliokwisha kukamilika, na mti uliokamilika haumpi mwanafunzi nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Mwanachuo anayeweza kumweleza mkaguzi wake kwa nini hakutumia projekta siku hiyo ameonyesha utayari mkubwa kuliko anayeitumia kila kipindi.

Kwa mwalimu wa Fizikia hali inafanana. Mkondo wa umeme hauonekani, na wanafunzi wengi huamini kwamba balbu ya kwanza “hula” umeme na kuiachia ya pili kidogo. Programu za majaribio za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001, hupatikana bure. Baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na nyingi zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti. Ndani ya programu ya saketi, mwanafunzi huona chembe zikienda kwa mwendo uleule kabla na baada ya balbu. Hata hivyo, kama maabara ina betri, nyaya na balbu mbili za aina moja, anza na hivyo. Mwanafunzi aunganishe kwa mikono yake, aone balbu mbili zikiwaka sawasawa, ashangae, kisha programu imwonyeshe kinachotokea ndani ya waya.

Jipime kwa kutenda

Madodoso mengi yanayopima utayari wa walimu watarajiwa huwataka wajipe alama wenyewe: nakubali, nakubali sana, sikubali. Majibu yake hueleza jinsi mtu anavyojiona, na hilo si jambo dogo, kwa sababu mwalimu asiyejiamini hatakigusa kifaa hata kikiwa mezani pake. Lakini Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alionyesha kuwa chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha imani hiyo ni kufanikiwa kulitenda jambo lenyewe. Kwa hiyo usijiulize kama unaweza. Jipe kazi, uifanye, uone.

Zima data ya simu yako kuanzia asubuhi hadi jioni, na siku hiyo uandae somo moja kamili kwa vile ulivyonavyo tu. Unganisha kompyuta mpakato na projekta usiyoizoea, mtu akiwa anakutazama, na uhakikishe picha imeonekana ndani ya dakika tano. Tafuta video ya mada yako, ikate ibaki sehemu ya dakika tatu inayohitajika, ihifadhi kwenye flashi, kisha uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa. Rekodi sauti yako ukisoma shairi, uicheze kwenye ukumbi, na umwombe mwenzako akae kiti cha mwisho aseme kama anasikia kila neno. Kazi hizi zinaonekana ndogo. Ukizifanya kwa uaminifu utagundua ni wapi hasa umepungukiwa, na mara nyingi si pale ulipodhani.

Kazi ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Kusanya wenzako kama kumi, wafundishe kwa dakika 15 kwa kutumia kifaa, na mwombe mmoja wao akate umeme au achomoe waya wakati wowote bila kukuarifu. Wewe usisimame kuomba radhi, wala usianze kuhangaika na nyaya huku umewapa mgongo. Uliza swali linalotokana na kile walichokwisha kukiona, waambie wajadiliane wawili wawili, kisha geukia ubao uchore kwa mkono kile ambacho kingefuata. Mara ya kwanza utababaika. Rudia na mada nyingine hadi mikono yako ijue njia. Chuo kikikupa nafasi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe, usiitumie kuonyesha slaidi zako bora. Itumie kwa zoezi hili, kwa maana huko shuleni umeme hautakungoja ujizoeze.

Kama ungependa kipimo rasmi cha kujilinganisha nacho, UNESCO ina mfumo wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, ambao toleo lake la tatu lilitolewa mwaka 2018. Una umahiri 18 uliopangwa katika ngazi tatu, kuanzia kupata maarifa, kisha kuyakuza, hadi kuyaunda. Mwanachuo asione haya kulenga ngazi ya kwanza. Ngazi ya tatu inahusu mwalimu anayebuni mazingira mapya ya kujifunza na kuongoza wenzake, na hiyo hutaka miaka ya kazi.

Vifaa vinavyofanya kazi bila mtandao

Kanuni yangu ni kwamba chochote kitakachotegemea intaneti wakati wa kipindi kihesabiwe kuwa hakipo. Pakua kila kitu ukiwa bado chuoni, ambako mtandao ni wa uhakika zaidi. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada ambavyo unaweza kuvisoma bure, na ni vizuri ujue mapema vilipo vya masomo yako. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba ensaiklopidia nzima ya Wikipedia ya Kiswahili kwenye simu. Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, huwekwa kwenye kompyuta moja, na vishikwambi vilivyo karibu husoma yaliyomo kupitia mawimbi ya Wi-Fi ya kompyuta hiyo bila kutumia bando hata kidogo. Mwalimu wa Hisabati asiondoke chuoni bila GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo na grafu.

Hifadhi kila faili mahali pawili, yaani kwenye flashi na kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Slaidi zihifadhi pia kama PDF, kwa sababu kompyuta ya shule huenda isiwe na aina ya maandishi uliyotumia, na mpangilio wote ukavurugika mbele ya wanafunzi. Video za ubora wa wastani zinatosha kwa ukuta wa darasa, na zinafunguka hata kwenye kompyuta za zamani. Flashi ikaguliwe virusi kila inapotoka kwenye kompyuta ya watu wengi. Mwanachuo anayeleta virusi kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma siku ya pili ya mazoezi atapata shida kuaminiwa tena.

Kuhusu projekta, jambo linalosahaulika ni mwanga wa jua. Madarasa yetu yana madirisha mapana, mengi hayana mapazia, na projekta ya kawaida ya lumeni 3,000 hutoa picha hafifu darasani saa nne asubuhi. Usipanue picha hadi ijaze ukuta. Sogeza projekta karibu, picha iwe ndogo, kwa kuwa mwanga uleule ukikusanyika mahali padogo huonekana vizuri zaidi. Tumia ukuta ambao dirisha haliutazami, tundika shuka jeupe kama ukuta ni mchafu, na vitenge viwili vya kuziba madirisha ya mbele vitasaidia kuliko unavyodhani. Maandishi yawe makubwa na machache. Kipimo chake si namba ya ukubwa inayoandikwa kwenye kompyuta, bali ni wewe mwenyewe kwenda kusimama dawati la mwisho na kujaribu kusoma. Beba waya wa ekstensheni wa mita tano au zaidi pamoja na kiunganishi cha kutoka HDMI kwenda VGA, maana projekta nyingi za shule ni za zamani na kompyuta nyingi mpya hazina tundu la VGA.

Shule inayotegemea sola inataka hesabu kidogo. Projekta ya kawaida hutumia wati 200 hadi 300, ilhali kompyuta mpakato kwa kawaida hutumia chini ya 70 na spika ndogo hutumia betri yake yenyewe. Mfumo unaowasha taa za ofisi na kuchaji simu za walimu huenda usiweze kuibeba projekta. Katika shule kama hiyo, sauti ndiyo rafiki yako mkubwa, na ninasikitika kuona inavyopuuzwa. Rekodi ya mahojiano na mvuvi, ya hotuba ya kihistoria au ya mazungumzo kwa ajili ya ufahamu wa kusikiliza inafanya kazi mahali popote, mchana kweupe, bila soketi.

Siku za kwanza shuleni

Ukifika, usitoe kompyuta yako siku ya kwanza. Msalimu mkuu wa shule, jitambulishe kwa mwalimu wa taaluma na kwa mwalimu mlezi wako, na uombe kuingia kwenye vipindi vyake ukiwa msikilizaji. Ukishaona mazingira, uliza kwa adabu: “Mwalimu, naomba kufahamu utaratibu wa kutumia vifaa vya TEHAMA hapa shuleni.” Ukiuliza hivyo, mwenyeji wako atakueleza mambo ambayo hayaandikwi popote: ufunguo wa chumba cha kompyuta unakaa kwa nani, nani hununua umeme wa LUKU na hukasirika ukiisha, darasa gani lina soketi inayofanya kazi, na projekta hukopwa kwa kusaini daftari gani. Uliza pia kuhusu simu. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na mwanachuo anayewaambia wanafunzi watafute jibu mtandaoni nyumbani anaweza kuwa anawaingiza katika ugomvi na uongozi wa shule au na wazazi wao, bila kusahau kwamba wengine hawana simu wala bando kwao.

Nenda kwenye darasa lenyewe baada ya vipindi, wanafunzi wakiwa wameondoka. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Pima kwa hatua umbali kutoka soketi hadi mahali pa projekta. Angalia jua linaingilia upande gani saa ya kipindi chako. Shughuli hii haichukui nusu saa, na huondoa sehemu kubwa ya aibu zinazowapata wanachuo siku ya kukaguliwa.

Kwenye andalio la somo

Wanachuo wengi huandika “projekta, kompyuta” kwenye nafasi ya zana na kuishia hapo. Andalio linalosaidia huonyesha kifaa kinaingia dakika ya ngapi, kinatoka dakika ya ngapi, mwanafunzi anafanya nini wakati kikiwaka, na somo litaendeleaje kikikosekana. Sehemu ya tatu ndiyo yenye uzito. Kama shughuli ya mwanafunzi wakati wa video ni “kutazama” tu, bado hujaandaa somo. Mpe cha kutafuta: ahesabu, alinganishe, atabiri kitakachofuata. Isimamishe video kabla ya tukio lenyewe uwaulize wanadhani itakuwaje, waandike madaftarini, kisha uiachie iendelee. Video ya dakika tatu ikisimamishwa mara mbili hufundisha zaidi ya filamu ya nusu saa inayotazamwa kimya.

Mpango mbadala uandikwe kwa maneno, usibaki kichwani. Kwa somo la majigambo, mpango mbadala ni mwalimu mwenyewe au mwanafunzi mwenye kipaji kuyatenda. Kwa saketi, ni mchoro ubaoni na wanafunzi wanaozunguka darasani wakipokezana vizibo vya soda kama chembe za umeme. Mkaguzi akikuta mpango huo umeandikwa, na umeme ukakatika kweli, utampa nafasi ya kuona mwalimu aliyeiva.

Wanafunzi wengi, vishikwambi vichache

Ukipata vishikwambi vitano kwa darasa la wanafunzi 60, usigawe kwa watu 12 kila kimoja. Wawili watashika, wanne watachungulia, sita watapiga soga. Gawa darasa katika nusu mbili: nusu ifanye kazi ya kitabu au ya kuchora, nusu nyingine iwe kwenye vishikwambi katika vikundi vya watu sita, na mbadilishane katikati ya kipindi cha pamoja cha dakika 80. Kila mtu kikundini apewe jukumu lake, kama kuendesha kifaa, kusoma kwa sauti, kuandika, kutunza muda na kuuliza maswali, na anayeendesha kifaa abadilishwe baada ya dakika chache. Angalia kwa makini nani hakigusi. Mara nyingi ni wasichana, au mwanafunzi ambaye kwao hakuna simu ya aina hiyo, na atakwambia “acha tu, mwalimu, ntaangalia.” Usimwache. Huyo ndiye uliyembebea kifaa.

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu akae mahali anapoweza kukisogeza kishikwambi karibu na kuongeza ukubwa wa maandishi, na msimulie kwa maneno kinachoonekana kwenye video. Asiyesikia vizuri apewe muhtasari wa maneno kwa maandishi kabla rekodi haijachezwa.

Akili unde, picha na mipaka

Programu za akili unde zimekwisha kufika mikononi mwa wanachuo, na zina msaada katika kutunga maswali ya mazoezi au kupata mifano mingi kwa haraka. Lakini kila kinachotoka humo kisomwe kwa jicho la mwalimu. Zinaweza kukosea upatanisho wa ngeli, kubuni methali ambazo hakuna mzee aliyewahi kuzitamka, na kutoa ukweli wa kihistoria usio na mashiko, vyote kwa lugha iliyonyooka inayompumbaza msomaji. Linganisha na muhtasari na kitabu cha kiada. Andalio la somo liandike mwenyewe, kwa kuwa programu haijui kuwa darasa lako halijamaliza mada iliyotangulia.

Picha na video za wanafunzi ni jambo la kuwa nalo makini sana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazitaka taarifa za mtu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana na zilindwe. Usipige picha wanafunzi ukaziweka kwenye hali ya WhatsApp au kwenye kurasa zako, hata kama nia ni kuonyesha kazi nzuri. Ukihitaji video ya somo kwa ajili ya chuo, omba ruhusa ya mkuu wa shule, naye atakuelekeza kuhusu wazazi. Usiwape wanafunzi namba yako ya simu kwa mazungumzo ya faragha. Kama mawasiliano ni ya lazima, yapitie kwa mwalimu mlezi.

Baada ya kipindi

Kabla hujatoka kwenda ofisini, andika kwenye daftari dogo mambo manne: kifaa kilitumika dakika ngapi kwa kweli, dakika ngapi zilipotea katika kukiandaa, swali gani wanafunzi waliuliza ambalo wasingeuliza bila kifaa hicho, na nani hakushiriki. Swali la tatu likikosa jibu mara mbili mfululizo kwa mada mbili tofauti, rudi kwenye orodha yako ya mada uangalie upya ulichochagua. Kipindi kinachofuata, wape wanafunzi jaribio la maswali matatu kuhusu jambo lilelile lililokuwa likiwakwamisha, na ulinganishe majibu na ya mkondo mwingine uliofundishwa bila kifaa, kama mwalimu mlezi atakubali.

Mwalimu mlezi mwenyewe mshirikishe tangu mwanzo. Ana uzoefu wa darasa ambao wewe huna, na huenda wewe una wepesi wa vifaa ambao yeye hakupewa nafasi ya kuupata. Mwombe aangalie kama video uliyochagua inalingana na kiwango cha wanafunzi wake, na akipenda, kaeni pamoja baada ya vipindi umwonyeshe namna ya kuifungua na kuisimamisha. Katika wiki ya mwisho, panga mafaili yako yote ya mada ulizofundisha, kila moja kwa jina la kidato na mada, yaweke kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma pamoja na karatasi moja inayoeleza kila faili inatumikaje, kisha umwombe mwalimu mlezi afundishe kipindi kimoja kwa kutumia mojawapo wewe ukiwa umekaa nyuma ya darasa.